Manowari iliyojificha Rufiji: kwa nini ilichukua miezi minane kuimaliza meli isiyoweza kukimbia?

Tuanze na fumbo. Meli ya kivita yenye urefu wa mita 115, yaani ndefu kuliko uwanja wa mpira, imejificha mtoni. Makaa ya mawe yanaelekea kuisha. Adui ameshajua iko wapi. Ana meli nyingi zaidi, ana mizinga mikubwa zaidi, na bahari yote iliyo mbele ya mto ni yake. Swali: itamchukua muda gani kuimaliza?

Wengi wangesema wiki moja. Jibu la historia ni miezi minane na siku kadhaa, kuanzia tarehe 30 Oktoba 1914 hadi 11 Julai 1915. Na kazi hiyo haikumalizwa kutoka London wala Mombasa. Ilimalizwa kutoka Mafia, kisiwa ambacho makao yake leo ni Kilindoni, takribani kilomita 45 tu kutoka pale meli ilipokuwa.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya ushujaa wa Wazungu wawili waliokuwa wakigombana. Sisi leo tukitazame kwa jicho la fizikia. Utaona kwamba adui mkubwa wa pande zote mbili alikuwa tope, maji kupwa na kujaa, na joto.

Meli yenyewe ni ipi?

Inaitwa Königsberg. Ilikuwa kruza nyepesi ya Ujerumani, uzito wake tani 3,390 hivi, na ilibeba mizinga kumi ya milimita 105. Ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Vita vilipokaribia, tarehe 31 Julai ikatoka bandarini kabla Waingereza hawajaiziba. Tarehe 6 Agosti ikaikamata meli ya mizigo ya Uingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Oman.

Kisha ikaja Zanzibar. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga, wahandisi wake wakisafisha boila. Königsberg ikaanza kupiga ikiwa umbali wa kilomita 8 hivi. Mizinga ya Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yakawa yanaanguka majini kabla ya kufika. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa na meli ikazama.

Baada ya hapo Königsberg ikahitaji matengenezo ya injini, na ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Kwa nini huko? Kwa sababu meli ya upimaji ya Wajerumani, Möwe, ilikuwa imeshapima mikondo ya delta hiyo. Wajerumani walijua wapi pana kina. Ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa namna ile inaweza kupita humo. Kwa hiyo silaha ya kwanza katika kisa hiki ilikuwa data.

Hesabu ya sanduku

Tarehe 30 Oktoba, kruza ya Kiingereza Chatham ikagundua maficho. Sawa, sasa si waingie tu wapige?

Hapa ndipo Archimedes anaingia. Meli huelea pale uzito wa maji inayoyasukuma unapolingana na uzito wake yenyewe. Tani moja ya maji ni takribani mita moja ya ujazo. Basi hebu tuichukulie kila meli kuwa sanduku la mstatili: gawanya tani zake kwa urefu mara upana, utapata ingezama mita ngapi kama ingekuwa sanduku.

Königsberg: tani 3,390, urefu mita 115, upana mita 13. Jibu ni mita 2.3. Lakini kina chake halisi kilikuwa mita 5.3. Zaidi ya mara mbili! Mbona?

Kwa sababu meli ya mwendo kasi si sanduku. Mwili wake umechongwa kama kisu, mwembamba mbele na nyuma, mwembamba chini, ili ukate maji kwa kasi ya kilomita 44 kwa saa. Ukipunguza upana, lazima ulipe kwa kina. Na rafadha (wengine tunaita pangaboi) lazima iwe chini kabisa ili isiparaze hewa.

Unaweza kuuliza: kwa nini basi wasitume meli ndogo zaidi, mfano destroya? Swali zuri. Hebu tupime destroya za Ufaransa za wakati ule, kwa sababu zilikuwa miongoni mwa ndogo kabisa. Kati ya mwaka 1899 na 1908, Wafaransa walijenga destroya 55 za aina iliyojulikana kama ya tani 300. Mojawapo, iliyoitwa Mousquet, ilikuwa na urefu wa mita 56 na upana wa mita 6 na kitu. Kwa hesabu ya sanduku, ingezama chini ya mita moja. Kiuhalisia ilihitaji takribani mita 3. Yaani ina uzito usiofikia hata sehemu ya kumi ya Königsberg, lakini kina kinazidi nusu ya kile cha Königsberg. Hiyo ndiyo gharama ya wembamba na kasi.

Na hata kama ingepita, ingefanya nini? Mousquet ilikuwa na mzinga mmoja wa milimita 65 na midogo sita ya milimita 47. Tunajua yaliyoipata. Tarehe 28 Oktoba 1914, siku mbili tu kabla ya Königsberg kugunduliwa, Mousquet ilikutana karibu na Penang na kruza nyingine ya Kijerumani, Emden, yenye mizinga kumi ya milimita 105 kama ile ya Rufiji. Ikazamishwa upesi. Emden yenyewe ndiyo iliyowaokota mabaharia 36 waliopona. Destroya ilibuniwa kukimbia na kurusha torpido baharini kwenye nafasi. Ndani ya mkondo mwembamba uliozungukwa na mikoko, haina pa kukimbilia.

Kilichohitajika kilikuwa kinyume chake: kitu kipana, cha polepole, chenye mizinga mikubwa, kinachoelea kama sinia. Bahati ikawa upande wa Waingereza. Kiwanda cha Vickers kilikuwa kimejenga meli tatu za mtoni kwa ajili ya Brazili, za kutumika Amazon. Vita vilipoanza Agosti 1914 serikali ya Uingereza ikazinunua. Mbili kati yake, Severn na Mersey, ndizo zilizokuja kwetu. Meli za namna hii huitwa monita. Uzito tani 1,260, urefu mita 81, upana mita 15. Sanduku linatupa mita 1 hivi. Kina halisi: chini ya mita 2. Safari hii sanduku na meli vinakaribiana, maana meli yenyewe ni kama sanduku. Na kila moja ilibeba mizinga miwili ya milimita 152.

Kuna jambo dogo la kuongezea. Maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari, kama asilimia 2.5 hivi. Meli ikitoka baharini kuingia mtoni inazama kidogo zaidi. Kwa Königsberg, hesabu inatoa sentimita 8 hivi. Unaweza kuona ni kidogo, lakini ukiwa juu ya fungu la mchanga, sentimita 8 ndizo zinazoamua kama unapita au unakwama.

Halafu kuna bamvua na maji mafu. Jua, mwezi na dunia vikijipanga mstari mmoja, maji hupanda sana na kushuka sana. Pwani yetu tofauti hiyo inaweza kuzidi mita 3. Msafiri wa Nyamisati kwenda Kilindoni hahitaji kufundishwa somo hili, maana chombo chake husubiri maji. Manowari nazo zilisubiri. Shambulio la mwisho la tarehe 11 Julai 1915 lilifanyika siku moja kabla ya mwezi kuzaliwa upya, yaani katika kipindi cha bamvua.

Mafia inaingia kwenye hesabu

Tatizo la pili: hata ukiwa na meli inayopita, unapigaje usichokiona? Mikoko ya delta ya Rufiji ni msitu mnene, mkubwa kuliko mingine ya aina yake Afrika Mashariki. Ukiwa mkondoni unaona mkoko, mkandaa na mchu, basi. Anayeweza kuona ni ndege tu.

Mwezi Novemba 1914 Waingereza walimkodi rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, na ndege yake ya majini. Alirukia kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo, kwenye visiwa vya Mafia. Tarehe 22 Novemba akaiona Königsberg. Wiki mbili baadaye ndege ikaharibika, akatua majini na kutekwa.

Ikawa wazi kwamba kunahitajika kituo cha kudumu. Tarehe 10 Januari 1915 askari wa Uingereza walishuka Kisimani, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Mafia, na siku mbili baadaye kikosi kidogo cha Wajerumani kikasalimu amri. Hivyo Mafia ikabadili mkoloni bila wenyeji kuulizwa, kama ilivyokuwa mwaka 1890 Wajerumani walipomlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 kwa ajili ya pwani na kisiwa hiki. Kisiwa cha wavuvi na wakulima wa minazi kikageuka kuwa na gati la monita na uwanja wa ndege.

Joto linavyokula mbawa

Ndege zililetwa, na nyingi zikashindwa. Mwezi Februari zilikuja Sopwith za kutua majini. Zikiwa na rubani, mtazamaji, mafuta na bomu, hazikunyanyuka. Injini ni ileile, mbawa ni zilezile zilizoruka Uingereza. Kilichobadilika ni hewa.

Hewa ikipata joto hutanuka, kwa hiyo kila mita ya ujazo inabaki na hewa kidogo. Linganisha siku ya nyuzi 10 huko Uingereza na siku ya nyuzi 30 Mafia. Kwa kipimo cha kelvin ni 283 na 303. Gawanya: hewa ya Mafia imepungua kama asilimia 7. Ongeza unyevu. Watu wengi hudhani hewa yenye unyevu ni nzito, kumbe ni nyepesi, kwa sababu molekuli ya maji ina uzito wa 18 wakati ile ya wastani ya hewa kavu ni 29. Hapo unapoteza tena kama asilimia moja na zaidi.

Asilimia 8 inaonekana ndogo. Lakini hewa hiyo hiyo inahitajika mara mbili: mbawa zinaitegemea ili zinyanyue, na injini inaivuta ili ichome mafuta. Ndege ya nguvu za farasi 100 haina akiba ya kupoteza. Na bado unyevu ukawa unalegeza gundi na kupinda mbao, maana ndege hizo zilitengenezwa kwa mbao na kitambaa.

Mwezi Juni ndipo zilipofika ndege za nchi kavu zilizobuniwa na Wafaransa, Henri Farman na Caudron. Zilikuwa dhaifu kwa macho, lakini ziliruka. Kutoka Mafia hadi meli na kurudi ilikuwa kama kilomita 90, karibu saa moja ya kuruka. Muda uliobaki juu ya shabaha ulikuwa mfupi.

Somo la tarehe 6 na somo la tarehe 11

Sasa tunafika kwenye moyo wa makala. Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey zikaingia deltani. Zikatia nanga na kuanza kupiga juu ya mikoko, umbali wa takribani kilomita 9. Kombora lilikaa hewani zaidi ya sekunde 20.

Kosa dogo la nyuzi moja tu, kwa umbali wa kilomita 9, linakupeleka mita 157 pembeni. Königsberg nzima, hata ukiitazama ubavu, ingechukua nyuzi 0.7 tu. Nyoosha mkono, tazama mwezi mpevu: wenyewe ni nusu nyuzi. Basi fikiria unalenga kitu chenye upana wa mwezi mmoja na nusu, huku kimefichwa na miti, na wewe uko juu ya meli mtoni.

Dawa yake ni mrejesho. Mtazamaji ndani ya ndege anaona maji yaliporuka, anatuma alama za Morse kwa redio: fupi, ndefu, kushoto, kulia. Mpigaji anarekebisha. Ni mchezo uleule wa kubuni namba. Nikikuambia nimeficha namba kati ya 1 na 100, na kila ukibuni nakujibu "juu" au "chini", kwa kukata katikati kila mara hutahitaji zaidi ya majaribio saba. Hivyo hivyo, ukiwa na shaka ya mita 800, ukikata nusu mara tano unabaki na mita 25.

Basi kwa nini tarehe 6 walipiga zaidi ya makombora 600 na kuipata meli mara chache tu? Kwa sababu monita zote mbili zilikuwa zikipiga pamoja. Kule juu mtazamaji anaona maji yameruka, lakini ya nani? Anatuma "fupi". Severn inaongeza umbali, kumbe lililoanguka fupi lilikuwa la Mersey. Mrejesho ukienda kwa asiyehusika ni mbaya kuliko kukosa mrejesho, maana unamhamisha hata aliyekuwa karibu na shabaha. Wakati huohuo Königsberg, ikisaidiwa na watazamaji waliojificha mikokoni, ilikuwa inajibu kwa usahihi zaidi. Mersey ikapigwa, na mabaharia wake kadhaa wakafa. Jioni wakarudi Mafia.

Tarehe 11 Julai walirudi wakiwa na monita zilezile na mizinga ileile. Walibadili jambo moja: zipige kwa zamu. Severn ikatia nanga na kupiga peke yake. Juu yake, ndani ya ndege ya Henri Farman, alikuwapo rubani John Cull na mtazamaji Harwood Arnold. Sasa kila maji yaliyoruka yalikuwa na mwenyewe. Kufikia mpigo wa nane, shabaha ikapatikana.

Muda huohuo ndege yao ikapigwa. Injini ikafa, wakaanza kushuka taratibu, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho wakiwa wanashuka. Wakaangukia mtoni na kuokolewa na mashua ya Mersey. Lakini masahihisho yalikuwa yameshafika. Mchana ule Looff, akiwa amejeruhiwa na meli inawaka, akaamuru ilipuliwe kwa vichwa vya torpido ili isitekwe.

Kama unasoma sayansi na umesikia mara mia msemo wa "badilisha kigezo kimoja kwa wakati mmoja", basi huu ndio msemo huo ukiwa na damu. Makombora 600 ya tarehe 6 hayakuwa machache. Yalikosa mpangilio wa kumwezesha mtu kujifunza kutokana nayo. Ndivyo inavyokuwa shambani mkulima akibadili mbegu, mbolea na tarehe ya kupanda msimu mmoja, kisha akajiuliza mavuno yamepanda kwa sababu gani.

Waliobeba

Kuna hesabu nyingine ambayo ripoti za kijeshi huipitia harakaharaka. Boila za Königsberg zilipoharibika, vyuma vyake vilivutwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100, kisha vikarudishwa. Havikuvutwa na treni wala ng'ombe. Viliburutwa na watu, maelfu ya Waafrika waliokusanywa kwa kazi hiyo, kwenye njia za mchanga na tope.

Meli ilipozama haikuishia hapo. Mizinga yote kumi ilitolewa mtoni, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kuanza vita vipya vya nchi kavu. Nayo ilihitaji watu wa kuivuta. Upande wa Waingereza nao walikusanya wapagazi wao, na jina la kikosi chao ndilo lililotuachia Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa na maradhi, si kwa risasi.

Mmoja wa mizinga hiyo unaweza kuuona leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Meli yenyewe imemezwa na tope la Rufiji.

Fizikia inatueleza vizuri kwa nini chuma cha tani nyingi huelea majini bila jasho la mtu: maji yanabeba. Chuma hicho kikitolewa majini, uzito unarudi wote, na lazima abebe mtu. Aliyebeba hakuwa na bendera katika ugomvi ule, na jina lake halikuandikwa kwenye mzinga.

Zoezi la kufanya nyumbani: tafuta jahazi au boti unayoifahamu, pima urefu na upana wake, kadiria uzito wake pamoja na mzigo, kisha fanya hesabu ya sanduku. Linganisha na alama ya maji ubavuni. Tofauti utakayoipata ndiyo itakayokuambia kama fundi aliichonga kwa ajili ya kasi au kwa ajili ya mzigo.